Cheki Yangu Iliyorudi Matrah

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka Hail. Bibi yako mzima, ila magoti yanamsumbua, na mimi namsumbua zaidi.

Unauliza umshitaki rafiki yako wa Mumbai aliyekupa cheki ikarudi, au mpatane, maana sheria ya huko inaruhusu yote mawili. Mimi cheki yangu haijapata kurudi. Uongo huo! Ilirudi moja, mwaka wa sitini na sita.

Nilikuwa mgeni huku Omani, mjini Matrah, nikidhani cheki ni ahadi tu, pesa hufuata. Nilimwandikia Muhindi aliyeniuzia mchele, benki wakaikataa. Angetaka ningefungwa, na bibi yako ana mimba.

Akaja nyumbani. Nikamtilia kahawa, akaiweka chini kama Waarabu wafanyavyo wakiwa na haja.

"Sinywi mpaka tuelewane, Bwana Saidi."

"Sina kitu, bwana."

"Sikuulizi kama unacho. Nakuuliza utakuwa nacho lini."

Nikasema kidogo kidogo, kila mwezi. Akanirudishia cheki yangu, kisha akainywa kahawa yote, imeshapoa. Mpaka leo sijaonyeshwa heshima kama ile.

Salma, ulipobamiza gari ya baba yako, nilisema ni mimi. Nnakudai. Basi nilipe hivi: kabla ya kwenda kwa wakili, nenda kwanza kwa huyo rafiki yako, ukae, umuulize lini.

Babu yako,
Saidi