Kofi Nyuma ya Pazia

Marahaba, mjukuu wangu Salum. Hapa Rasbura tu wazima, na dada yako kajifungua binti mwenye sauti ya mwadhini.

Unauliza umwambieje fundi wako anayekufunza kushona, akikosea kupima kanzu. Enzi ya Mdachi, nikiwa bi harusi mpya, baba mkwe alituswalisha Adhuhuri nyumbani. Baada ya rakaa nne, badala ya kumaliza, akainuka kuanza ya tano. Wanaume walimwogopa, wakanyamaza. Nyuma ya pazia nikapiga kofi, pa! Ndivyo sisi wanawake tunavyomkumbusha imamu. Akakaa.

Tulipomaliza akauliza, "Nani kapiga kofi?"

"Mimi, baba," nikajibu.

"Siku nyingine piga mapema, mwanangu. Magoti yameniuma bure."

Mwambie kabla hajakata, Salum. Imamu alikaa tena, kitambaa hakirudi.

Akupendaye,
Bibi