Nilimfanya Rafiki Yangu Haja ya Maombi

Jumanne. Baridi ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kukunjika. Msusi bila vidole ni bure, kwa hivyo leo nimeanza na chai ya tangawizi pale Kenyatta Market, sokoni ninakosukia, kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Moyo uko sawa. Umechoka kidogo, lakini uko sawa.

Wacha niseme ukweli nisizunguke. Kwa wiki tatu Rose, rafiki yangu wa miaka sita, hakuniongelesha. Na makosa yalikuwa yangu. Rose si jina lake.

Mimi na Rose tunasuka pamoja. Huku kwetu kichwa kimoja cha rasta ndogo huwa na wasusi wawili au watatu, ndio mteja asikae kutwa nzima. Yeye hushika kulia, mimi kushoto. Ukisuka na mtu hivyo miaka sita, mnajuana mambo ya nyumbani bila kupanga. Mwezi uliopita, siku moja wateja wakiwa wachache, aliniambia jambo ambalo hata mama yake hajui. Sitaliandika hapa. Akasema, "Usiambie mtu, Mama Tracy." Nikamjibu, "Mimi? Nimwambie nani?"

Jumatano yake nikaenda ushirika wa nyumbani, huko Mutuini ninakokaa. Tunaimba, tunasoma Neno, kisha anayeongoza anauliza ni nani ana haja tumpelekee Bwana. Nikasimama. Nikasema kuna dada ninayefanya kazi naye, anapitia hivi na hivi. Jina sikutaja, na niliona hiyo ni busara. Lakini ni nani pale asiyejua ninasuka na nani?

Tuliomba sana siku hiyo. Wamama walilia.

Wiki iliyofuata mmoja wao, Mama Faith, akaja sokoni kusukwa. Tukamkalisha, Rose kulia, mimi kushoto. Tulipofika katikati ya kichwa akamshika Rose mkono, kwa upendo kabisa, akamwambia, "Pole, mama. Mungu anaona. Tunasimama na wewe kwa maombi."

Rose alisuka mpaka rasta ya mwisho, akachovya ncha kwa maji moto, akachukua stuli yake akahamia kibanda kingine.

Nikaanza kumwombea. Kila asubuhi saa kumi na moja, kabla ya kuwasha jiko, nilipiga magoti kando ya kitanda: Bwana, lainisha moyo wa Rose. Bwana, mwondolee uchungu. Mwonyeshe kwamba nilikuwa na nia njema. Na kila siku nilikuwa nainuka nikiwa na hasira zaidi kuliko nilipopiga magoti, maana nilijiona nimeomba vya kutosha na Mungu ndiye anachelewa.

Juzi maneno yakaniishia. Nilisema "lainisha moyo wa Rose," nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia ninachosema. Nilikuwa bado ninamsema Rose. Nilimsema kwa wamama, sasa ninamsema kwa Mungu, na kote huko mimi ndiye ninabaki mtu mzuri. Nikajiuliza kwa nini nilisimama Jumatano ile. Jibu lilikuja, na sikulipenda.

Nilitaka kuwa na haja kubwa.

Wengine walikuwa na kikohozi cha mtoto, mwingine landilodi anayemsumbua kwa kodi ya nyumba. Mimi nilikuwa na kitu cha kufanya chumba kizima kiseme "woi." Na waliposema, nilisikia raha. Hiyo ndiyo nilimwambia Mungu, hivyo hivyo, bila maneno ya kanisa. Hakukuwa na kutetemeka wala mwanga. Nilisikia aibu, halafu nikasikia wepesi, halafu aibu tena. Lakini nilipoinuka, ile hasira kwa Rose niliitafuta nikaikosa.

Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Leo saa nne nikaenda kibandani kwake. Nilimwambia yote, hata ile ya raha. Sikuweka "lakini" mahali popote, na kwangu hiyo si kazi ndogo. Alikuwa anachambua nywele za kusukia, hakuinua macho.

Baadaye akasema, "Sasa unataka nikuambie nini? Nikikuambia nimekusamehe, si kesho utaenda kutoa ushuhuda?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Kwa sababu kutoka kibanda changu mpaka chake, hatua kama ishirini, nilikuwa nimeshaanza kuupanga. Bwana asifiwe, wapendwa, niko na ushuhuda. Najijua.

Nikamwambia sitasema. Akasema, "Tutaona."

Nikamuuliza pia kama naweza kuandika hapa, maana hii blogu nayo ni ushirika tu, ila wenye watu wengi kuliko ule wa Mutuini. Akasema nimtumie kwanza asome. Nimemtumia jioni hii nikiwa jikoni, sukuma wiki ikiiva. Amenirudishia akitaka nitoe sentensi mbili. Nimezitoa. Ndizo nilizokuwa nimezipenda zaidi.

Kesho nitaenda ushirika. Wakiuliza nani ana haja, nitaketi na kumwombea yule wa landilodi.

Kuhusu kunisamehe, Rose hajasema neno. Na sijamwomba Mungu amharakishe.