Kahawa ya Bibi Msituni

Ijumaa, Muleba. Mvua imekatika, migomba bado inadondosha maji, na mimi siwezi kutulia. Nimekaa, nimeinuka, nimefagia uwanja uliojaa matope. Nani anafagia matope?

Kesho naongoza wageni kwa mara ya kwanza kwenye msitu wetu wa hifadhi. Wanatoka Bukoba kuja kutembea, kupiga picha na kula kwenye mabenchi mapya karibu na maporomoko ya maji. Nimechaguliwa kwa sababu nasoma shule ya Kiingereza. Hakuna aliyeuliza kama naweza kutazama watu usoni.

Siwezi.

Maelezo nimeyakariri kwa lugha zote mbili. Yanaanza hivi: msitu huu haujawahi kukaliwa na watu.

Leo tulifanya mazoezi na Kaka Deo, mwongozaji mkuu. Bibi naye akasema anakuja. Tulipofika mteremkoni nikaitamka sentensi yangu bila kukwama. Kugeuka, Bibi hayupo njiani. Ameingia vichakani, amesimama kwenye omuramura, ule mmea tunaoupanda mpakani mwa shamba. Ulikuwa umejipanga mstari. Mimea ya porini haijipangi, na mimi nimepita pale siku zote bila kuliona hilo.

"Bibi, rudi njiani, wageni hawaruhusiwi huko," Kaka Deo akamtania.

"Mgeni ni wewe, mwanangu. Tena umesimama jikoni kwa mama yangu na viatu vya matope."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema alikuwa binti mdogo walipoambiwa wahame ili msitu uhifadhiwe. Waliondoka na machipukizi ya migomba vichwani. Bibi huyu anayesimulia kila kitu, hili hajawahi kunisimulia.

Kaka Deo akaniambia niseme vilevile nilivyokariri. "Ukianza historia ya kila jiko, maporomoko tutayafikia usiku."

Nikaitikia kwa kichwa. Bibi aliniona.

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu.

Sasa yuko barazani anachambua akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. Zilizo nzuri anazitia kwenye kikapu kidogo. Nimemuuliza ni za nani.

"Za wageni wako. Kesho watanikuta nimekaa pale kwetu msituni. Watu hawapiti nyumba ya mtu bila kupokea kahawa."

"Na mimi nitasema nini, Bibi?"

"Si wewe ndiye wa Kiingereza?"

Nimejaribu kuisema ile sentensi tena, polepole, nikitazama mikono yake. Haitoki. Kwa Kiswahili haitoki, kwa Kiingereza ndiyo kabisa.

Naogopa sauti itatetemeka. Naogopa Kaka Deo ataninunia, na safari nyingine mtu mwingine ndiye ataongoza. Lakini wa kwanza kupiga magoti pale na kupokea kahawa nitakuwa mimi, mbele yao wote.

Wakiniuliza kwa nini, itabidi niwatazame usoni niwajibu.