Sakafu ya Mninga

Dodoma, 3 Juni 1913

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na baridi hii. Mimi sijambo, ila mikono imejaa malengelenge.

Chumba chako kimekwisha. Sakafu ni ya mbao za mninga zilizobaki kwenye nyumba ya Mdachi tuliyoijenga karibu na stesheni. Nilijaribu vipande vitatu. Cha kwanza nilikipaka mafuta tu, kikafifia. Cha pili vanishi mara moja, kikang'aa kiasi. Cha tatu niliirudia vanishi mara tano, nikaona meno yangu. Nimechagua hicho. Baba yangu hatakanyaga sakafu iliyofifia!

Dada yangu Hana akiolewa mwezi wa nane utabaki peke yako na huo mkongojo, na kwa kweli sipati usingizi nikiwaza hilo. Njoo uione, kisha uhamie.

Mwanao,
Yotham

Mpwapwa, 6 Julai 1913

Mwanangu Yotham,

Salamu nyingi. Hana ananiandikia kama kawaida. Nilirudi nyumbani salama, kutoka stesheni nilipanda punda wa jirani yetu Shaaban.

Nyumba yako ni nzuri, na ulinitunza vizuri. Lakini sihami. Mbuzi hawa hawamjui mtu mwingine. Yule mweusi amezaa mapacha,

Kaka, hapa ni mimi Hana. Baba anadhani bado naandika habari za mbuzi. Kule kwako alizungushia kitambaa ncha ya mkongojo ili asikuchubulie sakafu. Kikateleza, akaanguka ukiwa kazini, na kiuno bado kinamuuma. Anasema hawezi kukaa mahali anapoharibu kazi ya mikono yako. Usimwambie nimekwambia.

na yule mwenye pembe moja hajambo. Usikasirike.

Baba yako,
Methusela

Dodoma, 28 Julai 1913

Baba,

Shikamoo. Mbuzi wanaendeleaje, hasa yule mwenye pembe moja?

Ile vanishi nimeikwangua yote. Ilinichosha, vumbi la hapa likitua, hata nyayo za kuku zinaonekana. Nimepaka mafuta tu. Imefifia, na mguu unashika vizuri. Halafu juzi niliburuta sanduku la vyombo vya kazi kutoka mlangoni hadi dirishani, mbao zikachubuka. Nimeziacha hivyo hivyo.

Zizi la mbuzi liko tayari. Nakuhitaji hapa, baba. Nikirudi kutoka kazini nyumba iko kimya mno.

Mwanao,
Yotham

Mpwapwa, 10 Agosti 1913

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo, na kiuno kinaendelea vizuri.

Fundi gani huburuta sanduku juu ya sakafu yake mwenyewe? Tangu utoto wako hujawahi kunidanganya nikadanganyika. Nilipomuuliza Hana kama kuna mtu aliyekwambia jambo, kalamu yake ilisimama. Basi na aandike, nasema mwenyewe: nilianguka.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Ukimaliza kula pilau la watu, unichukue mimi na mbuzi wangu. Mkongojo naja nao mtupu. Kile kitambaa nimempa Hana, atapangusia vyungu kwa mumewe.

Baba yako,
Methusela