Kidude cha Inkubeta

Jumapili usiku, Gitothua

Eti mayai yanaweza kungoja!

Nimetoka kanisani nikakuta inkubeta imezima, mayai yamepoa. Baba Wanjiku, mume wangu huyu, amechomoa kwa bodi yake kile kidude cheusi cha kuleta umeme, akakichomelea kwa dekoda yake iliyoungua, ndio aone mpira. Na vifaranga walikuwa watoke kesho.

"Si ni dakika tisini tu, Mama Wanjiku?" ananiambia, macho kwa TV.

Tisini! Hata kuku hawezi kuacha mayai yake hivyo. Nimesimama hapo mpaka akakirudisha. Joto limepanda tena, lakini sijui kama kuna aliye hai ndani. Naogopa kupasua hata moja niangalie.

Na hiyo mechi yenyewe, hakuna aliyefunga bao.