Sweta Niliyokufumia

Mpenzi Mureithi,

Hapa Ziwani maji yamerudi, na mama yako anakusalimu. Nimemweleza kazi yako huko Geneva: chembe zinagongana chini ya ardhi, na kufumba na kufumbua mtambo wenu unaamua mgongano upi uhifadhiwe, upi utupwe. Akauliza, "Na ukitupa wa maana je?"

Picha ya kazini nimeiona. Huyo Katrin unayeunda naye mtambo amevaa sweta niliyokufumia. Ulituma picha bila kuiona? Mtambo wako ungeikamata.

Usiniambie alihisi baridi. Julai huko ni kiangazi; baridi iko hapa Ziwani. Maina wa mlango wa pili alikuja akitetemeka, nikampa chai. Koti lako sikumpa.

Wako, kama bado ni wako,
Nduta