Keki Anakula Mama Mkwe, Lawama Napewa Mimi

Mpendwa Shangazi mshauri, nakuomba msaada, na tafadhali unijibu kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu familia nzima tunakwenda mapumziko kwenye hoteli ileile ya mwaka jana, na mimi nikiikumbuka ile meza yao ndefu ambayo kila mtu anajipakulia mwenyewe, natamani shule zisifungwe kabisa.

Mimi ni fundi wa masofa, nina mke ambaye ni nesi, nina watoto wawili, na nina mama mkwe ambaye nampenda sana, na usinicheke, kwa sababu nilipokwenda kuposa wajomba wa mke wangu waliniuliza binti yao atakula nini, sponji au misumari, na yeye mama, aliyekuwa mwalimu mkuu na hakuna aliyethubutu kumkatiza, akasema, "Kila mtu anaketi. Huyu hatakosa kazi," na mjadala ukafungwa. Tangu siku hiyo akiniambia simama nasimama, akiniambia kaa nakaa, na hilo ndilo lililoniponza.

Mama ana kisukari. Mke wangu anamtunza kwa moyo wote, lakini anamtunza kinesi, tukiwa naye safarini asubuhi anamtoboa kidole mbele ya wote, anasoma namba kwa sauti kama anatangaza matokeo ya mpira, halafu mezani anakagua sahani ya mama kabla hajagusa yake, anaondoa kiazi, anaongeza mboga, anasema hiki hapana, hiki nusu, na mhudumu anasikia na meza ya jirani inasikia. Siku ya kwanza kule hotelini mama alikula mboga zake, na mke wangu alipoinuka kuwapakulia watoto, mama akaniinamia akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, "Mwanangu, kalete kile kipande cha keki cha pembeni. Useme ni chako."

Wewe ungefanya nini? Nikaleta. Nikakiweka katikati yetu, karibu na mkono wangu, nikajifanya natazama watu wanaoogelea, na nilipogeuka sahani ilikuwa nyeupe na mama anajifuta mdomo taratibu. Kesho yake ikawa keki mchana na keki jioni, baadaye aiskrimu ikaingia, mara mkate wa siagi na jamu, mara juisi ile nyekundu ambayo hata rangi yake inatisha, na anayeonekana akienda na kurudi kwenye ile meza ni mimi, mpaka shemeji yangu mmoja tuliyekuwa naye akanibandika jina la Sahani Mbili, na watoto wangu wa kuwazaa wakalidaka, na hadi leo yule mdogo akitaka kitu ananiita Baba Sahani Mbili mbele ya wateja.

Mke wangu alipandwa na hasira. Alisema hakuolewa ili aje kuwa mjane wa keki. Akanikatia viazi, akanikatia mkate, akaniwekea bakuli la mboga za kuchemsha, na kila asubuhi akanitoa kuizunguka bustani ya hoteli mbiombio, watoto wakinihesabia mizunguko, na mama mkwe wangu, yule yule niliyekuwa nakimbia kwa ajili yake, ameketi barazani miguu juu ya stuli, anapiga makofi na kunihimiza nikaze mwendo. Nilirudi nyumbani suruali zinanivuka, napata usingizi mzuri, mgongo ulioniuma miaka umetulia, na mke wangu mpaka sasa anawasimulia wenzake wodini jinsi alivyoniokoa.

Zilizokuwa zinapanda ni namba za mama. Mke wangu alikuna kichwa, akamshuku mpishi kwamba anatia sukari kwenye mchuzi, na tuliporudi akampeleka mama kliniki akaapa mbele ya daktari kwamba mama amekula mboga mapumziko yote, ameona kwa macho yake mwenyewe, basi daktari akasema kama ni hivyo dawa haitoshi, akaiongeza, yakaisha. Kwake mama anakula vizuri, anajipikia, anajua kipimo, na keki hana, ila juzijuzi jirani alimkuta amekaa sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, anatetemeka, na anamwita jirani huyo kwa jina la marehemu dada yake, jirani akamnywesha chai yenye sukari nyingi akazinduka. Mama alinipigia mimi, hakumpigia binti yake, akacheka sana, akasema, "Unaona, mwanangu, hata mwili wenyewe unaomba sukari," akaniapisha nisimwambie mke wangu, na kabla ya kukata simu akauliza kama mwaka huu tutaketi tena meza moja.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimkatalia nitakuwa nimemkosea adabu mtu aliyenipa mke, na nikikubali, bustani inanisubiri na jina langu litaota mizizi. Naomba unifundishe maneno ya kumnyima mkwe keki bila kumvunjia heshima, na kama maneno hayo hayapo, nimwambie nini mke wangu ili tubadilishe hoteli bila kutaja sababu.

Ni mimi, Mkwe Mtiifu.

MAJIBU YA SHANGAZI

Mkwe Mtiifu, nilianza kusoma barua yako nikicheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika pale jikoni kwa mama, na kicheko kikakatika. Umepitisha habari ile harakaharaka, kati ya suruali zako na jina lako la utani, kama mtu anayetaja mvua ya juzi. Rudi uisome tena, taratibu, nami nikusaidie.

Daktari aliongeza dawa kwa sababu aliambiwa mgonjwa anakula mboga na sukari bado inapanda. Keki hakutajiwa. Mke wako aliapa kwa alichokiona, na alichokiona mlikipanga wewe na mama yake. Basi mama akarudi kwake na dawa ya kupambana na keki, keki yenyewe haipo. Mimi si daktari, lakini kwa maelezo yako mwenyewe sukari yake ilishuka mno, na nina hofu kubwa kwamba chanzo ni dawa hiyo. Aliyejua habari zote mbili, keki na dawa, ukimwondoa mama mwenyewe, ni wewe peke yako duniani. Na wewe unaniuliza mambo ya kubadilisha hoteli!

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Mtu aliyekutetea mbele ya wajomba wenye midomo mirefu hivyo si rahisi kumwambia hapana, tena kwa kipande cha keki. Najua pia ulibeba fedheha yake bila kulalamika, ukakimbia mbio ambazo hazikuwa zako. Lakini hiyo si heshima, bwana. Heshima ingekuwa kumwambia palepale, kwa sauti ya chini, "Mama, nakupenda, hili siwezi." Ulichofanya wewe ni kumwogopa, ukauita woga wako adabu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hawakusema mkwe amsaidie kuficha.

Basi sikiliza. Usisubiri shule zifungwe, na usisubiri hata mwisho wa wiki. Ukimaliza kusoma haya, funga karakana, nenda kwa mama mkwe wako kwa miguu yako. Hili halitengenezwi kwa simu, maana kwa simu atacheka nawe utacheka, mtaagana. Keti mbele yake umweleze kama nilivyokueleza: kwamba kile kilichompata jikoni si mwili kuomba utamu, ni hatari, na kwamba daktari lazima ajue alikula nini hotelini. Mwambie leo hii unamwambia mke wako, na ungependa mkamwambie mkiwa wawili. Akikuapisha tena, kataa kuapa. Akikataa kwenda, nenda mwenyewe ukaseme. Kiapo cha kumficha mtu asitibiwe hakimfungi mtu.

Kesho yake aende kliniki, na safari hii aseme kila kitu, pamoja na ile juisi nyekundu. Dawa asiipunguze kwa akili yake, wala ya mke wako. Daktari ndiye atakayesema.

Sasa mpe mke wako gazeti hili, nina neno naye. Bi Nesi, kazi yako wodini naiheshimu, lakini mama yako si kitanda namba fulani. Ameongoza shule, amewakalisha watu wazima kwa jicho moja, na leo unamhesabia viazi mbele ya mhudumu. Mtu mzima akiaibishwa kwenye sahani yake atatafuta sahani nyingine, na yeye aliipata kwa mumeo. Mtoboe kidole chumbani, mlango umefungwa, na namba mwonyeshe yeye, hao wengine haiwahusu. Na mumeo umwombe radhi kwa zile mbio, ingawa kwa anavyosema zimemfaa, kwa hiyo msiziache.

Safari nendeni, hoteli ileile. Kosa si la meza. Dawa na kipimo vikae kwenye mkoba wa mama mwenyewe, visitupwe kwenye sanduku ndani ya buti la gari, na njiani mbebe chakula chenu, msije mkamwacha na njaa mchana kutwa kisha mfike mkimfokea anavyokula. Mezani ajipakulie kwa mkono wake. Mboga kwanza, zijae nusu ya sahani, kisha kuku au samaki au maharage, viazi au wali kidogo, maji ya kunywa, na ile juisi nyekundu waachieni wenye hoteli. Hiyo iwe sahani ya kila mtu, watoto na shemeji yako mwenye ulimi wakiwemo, isiwe adhabu ya mgonjwa mmoja. Keki je? Amuulize daktari kama kipo kipande kinachomfaa, na kikiwepo akile mbele ya wote, kwa uma wake, na asiwepo wa kumtolea macho. Nakuhakikishia cha wazi kitamshibisha mapema kuliko vile vya kuiba. Mkishakula inukeni wote mkatembee bustanini, na mama naye, umshike mkono. Barazani ibaki stuli tu.

Na wewe usilete kitu mezani tena isipokuwa chako. Ukiitwa Sahani Mbili, itika. Jina la utani halijawahi kumlaza mtu kitandani.

Najua kinachokutia kiwewe ni kwamba atanuna. Atanuna, ndiyo. Atakaa kiti cha mbali, atakuita kwa jina lako kamili, lile neno "mwanangu" litapotea kwa muda, na wewe utaumia kwa sababu unampenda kweli. Mwache anune. Mkwe aliyenuna anakuja mezani, anavuta kiti, anakula, na ipo siku atakuomba umpitishie chumvi. Lakini akianguka tena jikoni na jirani ametoka, hakuna atakayekupigia simu kukuuliza mtaketi meza gani. Funga karakana, baba. Nenda sasa.